Helmeti ya kupandia Haubi

Majengo, Dodoma
14 Septemba

Mwalimu wangu,

Salaam nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, ila upepo wa mwezi huu unatuadhibu. Nafungua duka asubuhi, kufika saa nne spea zote zimevaa vumbi. Mama watoto anakusalimu, na anakukumbusha ile asali uliyomwahidi. Barua yako niliisoma kwa sauti hapa kijiweni, kila kijana akatoa fatwa yake, nikaona bora nikujibu mwenyewe kabla hawajakupigia simu kukuchanganya.

Umesema shemejio anarudi kutoka Ujerumani mwisho wa mwezi na amekubali kukubebea. Vizuri sana, mtumie salamu zangu. Lakini huo mpango wako wa kununua helmeti mbili za baiskeli kwa ajili ya mbio zenu za enduro huko vilima vya Haubi, Kondoa, moja nyepesi ya kupandia na nyingine ya uso mzima, yenye kinga ya taya, ining'inie mgongoni mpaka mfike kileleni, mimi siuungi mkono. Nunua moja. Pesa itakayobaki weka matairi, maana miiba ya huko naijua.

Enduro, hizi mbio za baiskeli za milimani, ina utata wake. Saa inahesabiwa kwenye miteremko tu, lakini sehemu kubwa ya siku mtu unaitumia kupanda. Hatari iko kwenye kuteremka, jasho liko kwenye kupanda, na kichwa ni kimoja. Wenzetu wa mbio za kuteremka tupu hawana shida hiyo: wanapakiwa na gari mpaka juu, wanavaa helmeti nzito kwa dakika chache, wanavua. Kama na nyinyi mngekuwa mnapakiwa kwenye Fuso mpaka Haubi, ningekwambia chukua ya uso mzima isiyofunguka, barua iishie hapo. Ila mnapanda kwa miguu yenu, mwezi wa kumi, jua la kabla ya mvua. Ukivaa kinga ya taya mdomoni muda wote huo, katikati ya kilima utaivua tu uiweke kwenye usukani, halafu utajisahau na kuanza kushuka kipande kidogo ukiwa kichwa wazi. Nimeona watu wazima wakifanya hivyo. Na waandaaji wengi wa mbio hizi hawataki kukuona juu ya baiskeli bila helmeti, hata kama unapanda kwa mwendo wa konokono. Kwa kuwa nyinyi ndio mnaandaa, iandikeni kanuni hiyo mapema.

Kwa hiyo ninayokushauri ni ile ambayo kinga ya taya inachomoka. Unapanda ukiwa na helmeti ya kawaida yenye matundu, ukifika juu unachomeka taya, unashuka. Wenyewe waliofuatilia Enduro World Series, ule mfululizo wa mbio za enduro za kimataifa, tangu ilipoanza 2013 wanasema helmeti za aina hii zilikua pamoja na mbio zile. Siku hizi mbio zenyewe ziko chini ya Kombe la Dunia la UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, tangu 2023, na bado utawaona watu wamegawanyika, huyu na ya uso mzima, yule na ya kuchomoa. Mimi mwenyewe siipendi sana ile mitambo ya kufungia. Ni vifungo vidogo vya kubana, viwili au vitatu, na mchanga wetu mwekundu ukiingia humo utasikia kinalia krr badala ya ta! Hapo hakijafunga. Beba mswaki wa zamani, kabla ya kila mteremko kipanguse, funga, kisha shika taya kwa mkono uivute kwenda mbele na juu. Ikicheza, fungua uanze upya. Usione haya kuwachelewesha wenzako.

Mwambie shemejio asiangalie rangi kwanza, aigeuze aangalie kibandiko cha ndani. EN 1078 ni kipimo cha Ulaya cha helmeti za baiskeli kwa jumla, na taya hakiligusi kabisa. Helmeti inaweza kuwa na kibandiko hicho na taya zuri la kutisha, kumbe taya lenyewe halijapigwa jaribio lolote. Kipimo cha kutafuta ni ASTM F1952, cha Marekani, ambacho kiliwekwa kwa ajili ya mbio za kuteremka. Hicho kinadai helmeti ihimili mapigo makubwa zaidi, na kinga ya taya nayo ijaribiwe. Si kila ya kuchomoa inafaulu. Kwa mfano kampuni ya Bell wana Super DH yenye kipimo hicho, wakati Super 3R, ambayo kwa macho ni ndugu yake, haina. Bei ya hiyo Super DH si mchezo, ni zaidi ya baiskeli nzima ya Kichina hapa dukani kwangu. Na atakutana na neno MIPS: ni tabaka jembamba la ndani, mara nyingi la njano, linaloiruhusu helmeti iteleze kidogo, kama milimita 10 hadi 15, kichwa kinapopigwa kwa upande, ili ubongo usizungushwe kwa nguvu yote. Ni teknolojia ya Waswidi. Ikiwemo, heri. Lakini isikufanye ukubali helmeti inayokupwaya.

Sasa kipimo cha kichwa, maana hapa ndipo watu wanapoharibu pesa. Nenda kwa fundi cherehani, azungushe futi kamba juu kidogo ya nyusi na kupitia kisogoni pale palipotokeza zaidi. Vua baraghashia! Aandike sentimita, si "kubwa" wala "wastani", kwa sababu wastani ya kampuni moja ni ndogo ya nyingine. Arudie mara mbili. Ukishaipata helmeti yenyewe, ivae bila kufunga mkanda, utikise kichwa kama unayekataa: ngozi ya paji la uso inatakiwa kwenda nayo. Funga mkanda, vidole viwili vipite chini ya kidevu kwa shida. Kisha weka kiganja kisogoni usukume helmeti kwenda mbele. Ikikufunika macho, ni kubwa, irudi ilikotoka. Pedi za mashavu zikubane kidogo mwanzoni, maana zitalegea. Wewe unavaa miwani, kwa hiyo ijaribu ukiwa nayo. Vile vikono vya miwani vikibanwa juu ya masikio, baada ya saa moja utatamani kuitupa korongoni.

Vijana wamenipa hoja mbili nyingine, nikujibu haraka. Ya kwanza, uchukue ya motokrosi kwa kuwa inapatikana. Hizo zimetengenezwa kwa mwendo wa pikipiki na nyingi zinakaribia kilo moja na nusu, wakati ya enduro yenye taya iko kwenye gramu 700 mpaka 850 hivi. Upande nayo Haubi? Shingo itakushitaki, na hewa hakuna.

Ya pili ni mtumba, na hii naona inakuvutia, maana umeitaja mara mbili. Ni kweli huja helmeti nzuri kwenye marobota, za majina makubwa, kwa bei ya kuku wawili watatu. Shida ni kwamba kinachokuokoa ni lile povu gumu la ndani, lile lile jeupe linalokuja kwenye boksi la televisheni, na kazi yake ni kupondeka ili pigo liishie humo. Likishapondeka halirudi. Ganda la nje linaweza kurudi kwenye umbo lake na likang'aa kama jipya. Wewe hujui aliyeivaa kabla yako alianguka vipi, na muuzaji naye hajui, ila atakuapia. Kama ni ya mtoto wa kuzungukia uwanjani, haya: toa pedi zote, pitisha kidole gumba juu ya povu lote ukitafuta mahali palipolainika au penye ufa, minya pande mbili taratibu usikilize kama inalia, soma kibandiko cha mwezi na mwaka ilipotengenezwa. Kwa mbio, hata ipite mtihani huo wote, mimi siivai. Na yako mpya ukishaanguka nayo kwa kichwa, hiyo hiyo siku imestaafu. Itoboe au uikate mkanda kabisa, asije mtu akaiokota.

Kuhusu kubeba. Kwenye ndege shemejio aishike mkononi, asiitie kwenye sanduku la kupakizwa. Soksi na fulana zijazwe ndani yake, taya lifungwe. Kutoka Dar apande treni ya SGR, huko ataiweka pale pale alipokaa. Basi la kuja kwako ndilo ninaloliogopa, kwa sababu kwenye buti watailaza chini ya magunia. Aipakate. Na akishafika, usiiache nyuma ya kioo cha gari juani.

Kwenye kilima, taya lifunge kwenye kitambaa cha kitenge halafu ulipitishe chini ya mikanda ya begi, upande wa nje, juu ya mfuko wa maji. Lisiningʼinie. Ukiliacha lining'inie litanasa kwenye migunga, na yale makorongo ya zamani, ambayo HADO, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, walihangaika nayo tangu 1973, sasa yameota vichaka vya kutosha kukunyang'anya hata begi. Usukani nao haufai. Linagonga mipira ya breki, linakukosesha kona. Ndiyo maana pia sikutaka ubebe helmeti nzima mgongoni: ukianguka kinyumenyume, unaangukia donge gumu lililokaa sawasawa na uti wa mgongo.

Jambo la mwisho kuhusu usafi. Najua kwako mnasafishia cheni kwa petroli uani. Helmeti isikae karibu. Chukua kipande cha povu la televisheni, kiweke kwenye kizibo, dondoshea petroli, waite wanafunzi wako waone kinavyoyeyuka kikawa uji. Thina vivyo hivyo. Maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuogea yanatosha, pedi uzianike kivulini.

Nitumie hizo sentimita kwa meseji kabla ya Ijumaa, nimwandikie shemejio mwenyewe, maana ukimwachia achague dukani atakuletea nyekundu kwa sababu ni mtu wa Simba. Pedi zako za breki zimefika. Nitampa kondakta wa basi la asubuhi Jumatatu, umpokee stendi, na umlipe yeye elfu mbili ya mzigo, mimi tutamalizana ukija.

Msalimie mkeo na watoto.

Ni mimi rafiki yako,
Fundi