Risala ya Kikundi cha Watumiaji wa CFML kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuhitimisha Mafunzo

Ndugu mgeni rasmi, Mkurugenzi wa TEHAMA,
Ndugu mwenyekiti wa kikundi,
Walimu wetu wa kujitolea,
Ndugu wahitimu,
Mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwito wetu. Tunajua ratiba yako imebana. Tunajua pia kwamba wengi wenye nyadhifa kama yako, wakisikia jina la CFML, lugha ya kuandika programu za wavuti, huuliza kama lugha hiyo ingali ipo. Wewe hukuwa na haja ya kuuliza, kwa kuwa mifumo ya kampuni yako inaendeshwa kwa lugha hii usiku na mchana. Ndiyo maana tumeona risala hii isomwe mbele yako.

Ndugu mgeni rasmi,
Kikundi chetu ni cha hiari. Kilianza kama mkusanyiko wa watu waliokuwa wakisaidiana pale mfumo unapokwama, na msaada huo bado upo. Lakini kazi tunayoipa uzito leo ni kutafuta watumiaji wapya na kuwafundisha. Tuligundua kwamba kila mwandishi wa programu anapostaafu au kuhamia lugha nyingine, kiti chake kinabaki wazi. Mfumo aliouandika unaendelea kufanya kazi, wenye mfumo wanaona mambo shwari, hadi siku panapohitajika badiliko dogo tu na hakuna wa kuligusa. Hapo ndipo uamuzi hutolewa wa kuuvunja mfumo mzima na kuuandika upya kwa lugha nyingine, kwa gharama kubwa, ilhali mfumo wenyewe haukuwa na kasoro. Tumeona mifumo mizuri ikizikwa kwa namna hiyo, na inatuuma.

Historia ya lugha yetu tutaipitia kwa kifupi. CFML ilizaliwa mwaka 1995 ndani ya programu ya ColdFusion, kazi ya ndugu wawili wa Marekani, J.J. Allaire na Jeremy Allaire. Wakati ule, kuunganisha ukurasa wa wavuti na hifadhidata ilikuwa kazi ya mabingwa. Hawa ndugu wakaleta tagi chache, yaani maagizo mafupi, zinazofanana na za HTML, lugha ya kupangia kurasa za wavuti: moja ya kuuliza hifadhidata, nyingine ya kuonyesha majibu. Mtu aliyejua HTML peke yake aliweza kutengeneza mfumo unaofanya kazi. Mwaka 2001 kampuni yao iliungana na Macromedia, mwaka 2002 likatoka toleo lililoandikwa upya juu ya lugha ya Java, na mwaka 2005 Macromedia ikanunuliwa na Adobe, ambayo inaiuza ColdFusion hadi sasa. Myspace, uliokuwa mtandao wa kijamii mkubwa kuliko yote katika zama zake, ulianza kwa lugha hii.

Mwaka huohuo wa 1995 ulizaa pia lugha za PHP, Ruby na JavaScript. Zote nne ni za rika moja. Mbona PHP imeenea kila mahali na sisi tumebaki wachache? Wahenga walisema chema chajiuza, na kwa miaka mingi watu wetu waliegemea methali hiyo. Walikuwa na hakika kwamba lugha iliyo rahisi kuandika na kusoma itajitafutia watu yenyewe. Lakini PHP ilikuwa ya bure, na kila aliyekodi nafasi ya tovuti kwa bei ya chini aliikuta imeshawekwa. ColdFusion ilihitaji leseni ya kununua. Mwanafunzi asiye na kitu mfukoni hakuchagua kati ya lugha mbili, maana moja tu ndiyo iliyokuwa mbele yake. Yule mwanafunzi baadaye akawa mwalimu, akawa mkuu wa idara, akawa mwajiri, na kila alikokwenda alikwenda na lugha yake.

Ndugu mgeni rasmi,
Kikwazo cha leseni kimeondoka, na habari hii bado haijawafikia wengi. Ipo injini ya CFML, yaani programu inayoendesha msimbo wake, ya chanzo huria iitwayo Lucee, iliyochipuka Januari 2015 kutoka katika mradi wa Railo uliotokea Uswisi. Lucee ni bure, inaendesha sehemu kubwa ya msimbo ulioandikwa kwa ColdFusion, na inatunzwa na jumuiya kupitia chama kilichosajiliwa Uswisi. Hata toleo la Adobe lina namna ya bure kwa mwandishi wa programu anayejifunza kwenye kompyuta yake. Kwa hiyo anayesema leo kwamba CFML haiwezi kujifunzwa bila kulipa anasema jambo la zamani. Hatumlaumu, kwa sababu sisi wenyewe hatukulisema kwa sauti ya kutosha.

Kinachotupa matumaini zaidi ni jinsi saa ya kwanza ya mwanafunzi ilivyobadilika. Zamani saa hiyo iliisha kwa kuweka seva, kurekebisha mafaili ya usanidi na kutafuta kwa nini ukurasa haufunguki. Sasa mwanafunzi anapakua chombo kimoja kiitwacho CommandBox. Anafungua folda yake, anaandika maneno mawili, server start, na chombo kinakwenda chenyewe kuleta injini, kinaiwasha, kisha kivinjari kinafunguka. Anaandika mstari mmoja wa kuonyesha jina lake, jina likiwa katikati ya alama mbili za reli (#), anahifadhi, anaburudisha ukurasa, na jina analiona. Wahitimu hawa unaowaona walifika hapo siku ya kwanza kabla ya mapumziko. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu mtu akikwama saa ya kwanza harudi tena, na wala hatakuja kukueleza kwa nini hakurudi. Anayetaka lugha ikue aanze kwa kukaa nyuma ya mwanafunzi mgeni, anyamaze, atazame anakwama wapi.

Kuna kikwazo kingine kizito zaidi, nacho ni msimbo wa zamani uliojaa mtandaoni. Mhitimu wetu mmoja alikuwa akitengeneza daftari la mahudhurio. Alitafuta mfano wa kuchukua taarifa za mtu mmoja kwa namba yake, akapata makala ya kale, akanakili. Ndani yake, namba iliyotoka kwenye anwani ya ukurasa ilichomekwa moja kwa moja katika swali la hifadhidata. Ukurasa ulifanya kazi vizuri na yeye akafurahi. Mwalimu akaja, akaongeza maneno or 1=1, sharti ambalo ni kweli daima, mwishoni mwa anwani, akabonyeza, na badala ya mtu mmoja yakamwagika majina ya watu wote. Darasa zima lilinyamaza. Kisha mwalimu akamwonyesha namna inayofaa: kuipitisha namba ndani ya cfqueryparam, tagi inayokagua kinachoingia katika swali, au kutumia agizo la queryExecute na kuitaja namba hiyo pembeni kama kigezo. Maneno yaleyale yakaongezwa tena kwenye anwani, na safari hii injini ikakataa.

Cfqueryparam si kitu kipya, imekuwapo kwa miaka mingi. Tatizo ni kwamba mafundisho mengi yanayopatikana hadharani yaliandikwa na watu ambao hawakuitumia, yakaachwa hapo. Siku hizi mwanafunzi akiuliza akili unde, mara nyingi naye hurudishiwa mtindo uleule wa kale, kwani akili hiyo imejifunza kutokana na yaliyoandikwa na watu. CFML ya leo ina kazi fupi za mshale, ina vijenzi vya kupanga msimbo mkubwa, ina kifurushi cha TestBox cha kuujaribu, na inaandikwa kwa mtindo ambao mtu wa JavaScript anausoma bila kukunja uso. Lakini mgeni hataijua CFML hiyo kama kila anachokikuta ni kurasa za mwaka 2003. Ndiyo maana kila mhitimu wetu ametakiwa kuandika somo moja fupi, la mtindo wa sasa, na kuliweka wazi. Kwa maoni yetu kazi hii ina faida kubwa kuliko kampeni yoyote ya matangazo.

Sifa mbaya ya usalama nayo inatuumiza, na hatutaikwepa. Desemba 2023 taasisi ya usalama wa mtandao ya Marekani, CISA, ilitoa taarifa kwamba wadukuzi waliingia katika seva za ofisi moja ya serikali kwa kupitia tundu la ColdFusion. Taarifa hiyohiyo ilieleza kwamba seva zile zilikuwa zikiendesha matoleo yaliyopitwa na wakati. Habari za namna hii zikitoka, watu hulaani lugha. Sisi tunasema kwamba mfumo uliosahauliwa hudukuliwa uwe umeandikwa kwa lugha yoyote, na mfumo husahauliwa pale wanaoujua wanapokwisha. Ukosefu wa watumiaji wapya na udhaifu wa usalama ni tatizo moja.

Ndugu mgeni rasmi,
Tumejifunza pia kwa wenzetu. Ruby ilikaa karibu miaka 10 ikijulikana zaidi Japani, hadi mwaka 2004 David Heinemeier Hansson alipotoa Rails, kiunzi cha kujengea tovuti kwa Ruby. Watu walitaka kujenga tovuti haraka, wakaifuata Rails, na lugha wakaikuta ndani yake. Lugha ya Elixir ya José Valim nayo iliwafikia wengi kwa mlango wa Phoenix, kiunzi chake cha tovuti. Somo tulilolipata ni kwamba mgeni haji kwa kuambiwa lugha ni tamu, huja kwa sababu ana kazi anayotaka imalizike. Na zipo kazi ambazo CFML inazimaliza vizuri mno. Ukurasa wa HTML unageuka ripoti ya PDF kwa tagi moja ya cfdocument. Barua pepe inatumwa kwa cfmail. Kazi ya kila usiku inapangwa kwa cfschedule. Kwa mifumo ya ndani ya ofisi yenye fomu, hifadhidata na ripoti, mtu mmoja anaweza kufanya kwa CFML kazi ambayo kwa njia nyingine ingehitaji kuunganisha maktaba nyingi. Hayo ndiyo tumeamua kuyaonyesha mbele za watu, na tumewakataza wanachama wetu kubishana na watu wa lugha nyingine. Ubishi huo haujawahi kutuletea hata mwanafunzi mmoja.

Wahitimu wa leo wamejenga mifumo inayofanya kazi, na utaiona baada ya risala hii. Kinachowasubiri nje ndicho kinachotutia wasiwasi. Matangazo ya kazi za CFML yapo, lakini karibu yote yanadai uzoefu wa miaka mingi. Kijana aliyehitimu leo ataupata wapi uzoefu huo, kama kila mwajiri anataka wa kwanza kumpa ajira awe mwingine? Kisha waajiri haohao hulalamika kwamba watu wa CFML hawapatikani, na kwa sababu hiyo wanahama lugha. Mduara huu unaweza kukatwa na mtu mmoja tu, naye ni mwenye mamlaka ya kuajiri.

Kwa hiyo tunaleta maombi yetu kwako, ndugu mgeni rasmi. Ombi la kwanza, na ndilo kubwa, ni nafasi za wanagenzi katika idara yako. Hatuombi upendeleo: wape kazi ndogo, waketi na wale waliouandika mfumo wenu wangali kazini, wajifunze kwa nini kila kitu kiliwekwa kilipo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kijana mgeni katika mfumo wa zamani huuliza maswali ambayo wenyeji waliacha kuuliza.

Tunaomba pia kampuni yako, ambayo kwa miaka yote imenufaika na injini hii, iwe miongoni mwa wafadhili wa Lucee. Wanaoitunza ni wachache, na kurekebisha hitilafu za injini ni kazi ya kuchosha isiyopigiwa makofi. Lucee haipaswi kutegemea usiku wa watu wachache waliochoka. Vilevile, mnavyo vipande vya msimbo mlivyoviandika ambavyo havina siri ya kampuni wala ya wateja. Ruhusuni viwekwe ForgeBox, ghala la vifurushi vya CFML, ili wengine wavitumie na kuviboresha. Na pale mnapoulizwa mfumo wenu umeandikwa kwa lugha gani, semeni. Makampuni mengi hulificha jambo hili kana kwamba ni aibu, na kijana anayetafuta lugha ya kujifunza huhesabu majina anayoyaona.

Kwa upande wetu tunaahidi kuendelea kufundisha bila malipo, kuwasimamia wahitimu hawa watakapokuwa kazini kwako, na kuwasaidia wataalamu wako kuhamisha seva zilizobaki nyuma kwenda matoleo yanayotunzwa.

Tunawashukuru walimu waliotoa jioni zao, na wahitimu waliovumilia hadi leo.

Baada ya kusema hayo, tunakukaribisha utembelee meza za wahitimu uione mifumo yao, uwaulize maswali, kisha uwatunuku vyeti.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi.