Asanteni kwa kutusaidia kumsindikiza Baba, Mwalimu wa ngumbaru

Ndugu, jamaa, majirani wa Makongeni, Kaloleni na Mbotela hapa Nairobi, wanafunzi wa Baba wakubwa kwa wadogo, pokeeni salamu kutoka kwetu nyumbani. Leo ni siku ya kumi na mbili tangu tumlaze pale Lang'ata na mimi kama kifungua mimba nimepewa kazi ya kuandika hii shukrani. Nimekaa jikoni kwa Mama tangu mchana naandika nafuta, naandika nafuta, ju nikitaja mtu mmoja nakumbuka wengine kumi ambao pia walitubeba. Mama ameniambia niache kutafuta maneno makubwa niseme tu vile mambo yalikuwa.

Baba alitutoka Jumanne alfajiri, akiwa na miaka 74. Sukari na presha zilikuwa zimemsumbua muda mrefu na wiki tatu za mwisho alikuwa amelazwa. Bili ilikuwa imepanda hadi tukachanganyikiwa, na hospitali haingetuachia mwili kabla tulipe, kwa hivyo siku mbili za kwanza hatukupata hata nafasi ya kulia vizuri, tulikuwa tunapiga simu tu. Ndio wanafunzi wake wa zamani wakaunda kamati bila kutuuliza, wakafungua grupu ya wasapu usiku ule ule, wakachagua mweka hazina, na kufikia Alhamisi jioni tulikuwa tumemtoa Baba. Kwa hao nasema asante, na nasema tena asante.

Mweka hazina alituonyesha zile mesej za michango. Kulikuwa na elfu kumi kumi za watu wameenda mbali, mmoja ni daktari, mwingine anaendesha lori hadi Kampala, na hao hatuwezi kuwasahau. Lakini zile zilifanya Mama aweke simu chini afute macho ni zile za shilingi hamsini, za mia, za mia mbili, za wamama wa soko la Marikiti na Gikomba na Burma. Kwa sababu tunawajua. Tunajua ile mia ni sukuma ngapi, na tunajua kuna wakati huyo mama hangeweza kuituma mwenyewe.

Hapa naomba mnivumilie nieleze kidogo, ju kuna wengi walikuja matanga wakijua tu Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hiyo ni kweli, alifundisha watoto wa Eastlands hadi akastaafu akiwa na miaka 55, maana huo ndio ulikuwa umri wa kustaafu kabla ya 2009. Lakini kazi yake nyingine ilikuwa inaanza jioni. Mwaka wa 1979 serikali ilipoanzisha ile kampeni kubwa ya kisomo cha watu wazima, Baba alikuwa tichaa kijana tu, akajitolea kufundisha ngumbaru kwa ukumbi wa mtaa, siku mbili kwa wiki, na hakuwahi kuacha. Kampeni ilipoa, watu wakasahau, yeye akaendelea. Chaki alikuwa ananunua mwenyewe. Sisi watoto tulikuwa tunalala akiwa hajafika, na nakiri kuna miaka nilimkasirikia kwa hiyo, nilikuwa naona anapea watu wengine ile saa ambayo ilikuwa yetu.

Mwaka wa 2003 elimu ya msingi ilipofanywa bure, darasa lake la mchana lilijaa watoto zaidi ya mia moja, wengine wamekaa chini wengine dirishani, lakini yeye alikuwa ameona kitu kingine. Alituambia mezani kwamba wazazi walikuwa wanaleta watoto kuandikishwa na wakipewa fomu ya kuweka sahihi wanasema, "Mwalimu nisomee, nimesahau miwani nyumbani." Hiyo sentensi aliijua sana. Alisema mtu mzima hawezi kukuambia hajui kusoma, atakuambia amesahau miwani. Basi hakuwa anamuaibisha mtu. Alikuwa na boksi la viatu limejaa miwani za kusoma, zile za bei rahisi alikuwa akinunua River Road moja moja, anakuletea boksi anakuambia jaribu hizi, na kama bado huoni njoo Jumanne jioni tuangalie pamoja. Na wengine kweli shida ilikuwa macho, ju ukishapita miaka arobaini herufi ndogo zinaanza kukimbia, mtu anadhani ni akili imekataa kumbe ni miwani tu anahitaji.

Alikuwa haanzi na a e i o u. Alikuwa anaanza na jina lako. Alikuwa akisema mkono umezoea kukata sukuma miaka ishirini unashika penseli kama kisu, unavunja ncha, sasa huo mkono usiupe kazi ya kuchora irabu tano ambazo hazina maana kwake, upe jina ambalo mama yake alimwita. Hesabu hakuwa anapoteza wakati nayo, wamama wa soko wanajua hesabu kuliko sisi, alikuwa anawaonyesha tu vile inaandikwa. Halafu namba za matatu, halafu barua ya shule ya mtoto. Na M-Pesa ilipokuja 2007 akaongeza somo la simu, kwa sababu kuna mmoja wa wanafunzi wake alikuwa akimpa kijana wa jirani simu amsomee mesej, na namba ya siri pia anampa, hadi siku moja akaenda kutoa pesa ya karo akapata hakuna kitu. Baba hiyo ilimuuma. Wiki nzima darasa zima walikuwa wanasoma mesej za pesa tu, nani ametuma, ngapi, umebaki na ngapi.

Mnakumbuka Mzee Kimani Maruge, yule aliingia darasa la kwanza kule Eldoret 2004 akiwa na miaka 84. Vita vya baada ya uchaguzi vilipomtoa huko, mwaka wa 2008 alikuja kuishi hapa Kariobangi kwa nyumba ya wazee na bado akaendelea na shule. Baba alikata picha yake kwa gazeti akaibandika juu ya ubao. Mtu mpya akisema yeye amezeeka, Baba anageuka tu anaonyesha picha kwa kidole, hasemi neno.

Sasa turudi kwa matanga, ndio maana nimesimulia yote hayo. Tuliweka kitabu cha rambirambi mezani karibu na picha ya Baba, na binamu yangu kwa nia nzuri kabisa akaleta ile pedi ya wino ya kuweka kidole gumba, ju alijua wazee wengi watakuja. Jamani, ile pedi ilikaa pale siku sita na hakuna mtu aliigusa. Nilisimama nyuma ya ile meza nikaona kwa macho yangu. Walikuwa wanafika, wanaweka kikapu chini, wanapangusa mikono kwa leso, wanaketi vizuri, wanaandika. Kuna shosho mmoja wa miaka themanini na kitu alichukua karibu dakika tano kwa jina moja, na laini ilikuwa imefika kwa geti, na hakuna hata mtu mmoja alimharakisha, hata vijana walinyamaza. Akimaliza akaangalia, akarudi akaongeza nukta kwa i, akafunga kalamu.

Usiku Mama alikuwa akisoma hicho kitabu kabla alale. Usiku wa tatu akaniita, akaniambia angalia hizi M. Baba alikuwa anaandika M kubwa yenye mguu wa mwisho umepinda kidogo kama mkia, hata kwa fomu ya cheti changu cha kuzaliwa alipojaza iko hivyo. Na kile kitabu kimejaa M zenye mkia, kurasa kwa kurasa, za watu hatujawahi kukutana nao. Mama alipitisha kidole juu ya kila moja. Kwa kila mtu aliandika kwa kile kitabu, ujue umesomwa, na utaendelea kusomwa kwa hii nyumba.

Asante kwa jumuiya yetu, mlisali na sisi kila jioni na mkaimba hata mvua ikinyesha juu ya tenti. Wamama wa Majengo, mlikuja na mahamri na chai kila asubuhi kabla hatujaamka na mkaosha sufuria mkaenda bila kungoja kushukuriwa, Mungu awazidishie. Vijana wa steji mlitoa matatu tano kwenda Lang'ata na mkakataa pesa ya mafuta, mmoja wenu aliniambia "huyo ndiye alifundisha mathe kusoma bango la gari langu" na nikakosa la kujibu. Walimu wenzake mliofundisha naye enzi za CPE, ule mtihani wa zamani wa darasa la saba, na mkaja na fimbo zenu za kutembelea, mkasimama wote kwa foleni moja kaburini, tuliwaona.

Wajomba na wazee wa ukoo, kwenu nina shukrani ya pekee. Baba alikuwa amesema azikwe Nairobi, na tulijua hilo si jambo dogo, kwetu mtu anarudishwa nyumbani kwa babu zake. Mlipanda basi la usiku mkaja tayari kubishana, na haki yenu. Halafu mkaketi jioni moja pale kwa tenti mkasikiliza watu, na asubuhi ami mkubwa akasimama akasema huyu nyumbani kwake ni hapa, mzikeni na watu wake. Mlitutua mzigo mkubwa sana.

Kuhusu pesa, mweka hazina amefunga hesabu na kila kitu kiko kwa grupu, hospitali, mochari, jeneza, kaburi, chakula. Imebaki Sh23,400. Familia imekubaliana hiyo isirudi kwetu, itanunua madaftari, penseli na chaki za ukumbi.

Mwisho ni jambo la nyumbani. Lile boksi la miwani bado liko juu ya kabati. Tumehesabu ziko 17, zingine zimefungwa uzi, moja ina karatasi imeandikwa "ya mama wa ndizi", na tunajua kuna watu walikuwa wanaziacha kwa Baba wakiogopa zitavunjika sokoni. Kama yako iko hapo, pitia uchukue, Mama yuko nyumbani kila siku kuanzia saa nane. Ukishindwa kufika usijali, darasa linarudi Jumanne hii saa kumi na moja jioni pale pale ukumbini, mwalimu aliyekuwa akimsaidia ndiye atashika chaki, na mimi nitakuja na boksi.