Maji yafike kabla ya turubai

Mhariri,

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kuzikana katika mtaa mmoja hapa Busia, upande wa Uganda. Wengine huviita vikundi hivi munno mukabi. Kila nyumba hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi, na msiba ukitokea tunaongeza rambirambi. Tuna turubai kubwa, viti vya plastiki 120, sufuria sita, na kitabu cha majina ninachokitunza mimi. Kitabu tunakiandika kwa Kiswahili kwa sababu tumo Wasamia, Wateso, Wajaluo na Waganda, na hiyo ndiyo lugha ambayo hakuna anayehitaji kutafsiriwa.

Mwezi wa pili tulimzika jirani yetu, mzee aliyekuwa fundi wa baiskeli. Ufundi huo una heshima yake kwetu. Jina la boda boda lilizaliwa hapa mpakani mwa Uganda na Kenya miaka ya 1960, vijana wa baiskeli walipokuwa wakivusha watu kutoka upande mmoja hadi mwingine, na mzee huyu alianza kuziba pancha za baiskeli hizo akiwa bado mtoto wa shule. Watoto wake wako Kampala.

Msiba ulikwenda vizuri. Jioni ya kwanza tu nilihesabu shilingi 640,000. Vijana wa steji ya boda boda walileta kuni bila kuambiwa, akina mama waliamka alfajiri kusonga posho, yaani ugali, watu wakajaa mpaka barabarani. Mpita njia angesema marehemu alipendwa sana, na ni kweli alipendwa.

Katikati ya shughuli hizo niliingia jikoni kwake kutafuta chombo cha maji. Nikakuta jerikani mbili za njano, za lita 20. Zote tupu. Moja ilikosa kifuniko na ilikuwa imezibwa kwa ndizi mbichi, kama tunavyofanya wengi. Ndizi ile ilikuwa nyeusi, imekauka kama ukuni, imeshikana na mdomo wa jerikani hata nikashindwa kuing'oa kwa mkono. Anayeteka maji kila siku hubadilisha ndizi yake. Nikabaki nimesimama pale. Pampu iko chini ya mteremko, na goti la kushoto la mzee lilikuwa limemkataa tangu mwaka jana. Kati ya mlango wake na wangu kuna migomba minne tu. Mimi ninayeshika majina ya mtaa mzima sikujua jirani yangu anapata wapi maji ya kunywa.

Nilipoyasema haya, mama mmoja aliniambia, "Si angeomba?" Mhariri, mzee yule hakuwa mtu wa kuomba. Wa rika lake wengi hawaombi. Atakwambia yuko salama, amshukuru Mungu, akuulize na watoto hawajambo, na wewe utaondoka umeridhika.

Si kwamba hatujui kutendeana mema. Mwaka 2020, wakati wa korona, mpaka ulipofungwa kwa abiria na boda zikakatazwa kubeba watu, malori ya mizigo yalipanga foleni ndefu sana huku, na madereva wakaogopwa kama ugonjwa wenyewe. Nilimwona muuza chai mmoja akiweka jagi la maji na kikombe juu ya kigoda kando ya barabara, kisha akarudi nyuma hatua kama kumi. Dereva akashuka, akanywa, akainua mkono kumshukuru. Hakukuwa na kikao wala mchango. Yule muuza chai aliona mtu ana kiu, basi.

Kwenye mkutano wetu uliofuata nilipendekeza kitabu kilekile cha msiba kiwe na safu ya pili: nani anaishi peke yake, nani anauguza, nani amejifungua juzi. Ubishi ulikuwa mkubwa. Wengine walihofia michango mipya, nikawaeleza kwamba sitaki hata shilingi moja. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, alituunga mkono, tukaanza.

Hapo ndipo tulipojifunza jambo ambalo sikulitarajia. Mjane tuliyemtembelea kwanza alitufungia mlango. Tulikwenda watu watano, tumevaa vizuri, mmoja ana simu mkononi, na yeye akaamini tumekuja kupima kiwanja chake. Nani atamlaumu? Wajane wangapi wamenyang'anywa ardhi na watu waliokuja wakicheka? Na huku kwetu tumezoea kwamba anayeleta sabuni na chumvi mlangoni anatafuta kura. Kwa hiyo tuliacha kwenda kwa kundi. Alikwenda msichana mmoja ambaye bibi anamfahamu tangu utotoni, akafagia uwanja, akarudi nyumbani. Siku ya tatu bibi alimpa kiti. Wiki ya pili alimtuma dawa. Tangu hapo tumekubaliana: anakwenda mtu mmoja anayejulikana, mikono mitupu kama hana kitu, na picha hazipigwi kabisa. Hili la picha nalisisitiza. Mzee wa watu hastahili kuoneshwa kwenye simu za mtaa mzima kwa sababu ya kipande cha sabuni.

Mengine ni madogo. Watoto wakienda pampuni jioni wanajaza jerikani moja ya ziada, na wamejigawia siku zao wenyewe. Vijana wawili wa steji huwapeleka wazee kituo cha afya siku ya kliniki, bure, mmoja kwenda na mwingine kurudi, ili asiumie mmoja. Mwenye duka husoma ujumbe wa simu kwa wasiojua kusoma, pamoja na ule wa pesa, jambo linalohitaji mtu mwaminifu kweli. Yote haya hayajatugharimu hata robo ya msiba mmoja.

Ninaandika kwa sababu najua vikundi kama chetu viko kila mahali, Tororo, Malaba, Mbale, Jinja, na kila kimoja kina kitabu. Nawaomba waweka hazina wenzangu mfungue vitabu vyenu wiki hii, mtafute jina la mtu mmoja ambaye hamjamwona nje kwa siku kadhaa, mwende mkamjulie hali. Mkiingia, angalieni jerikani. Na kama kuna kikundi kilichoanza zamani kuliko sisi, tafadhali kiandike kwenye ukurasa huu kieleze kinafanyaje wakati wa mvua, maana mteremko wa pampu yetu huteleza vibaya na hatutaki kuwatuma watoto huko.

Mweka hazina, kikundi cha kuzikana,
Busia, Uganda