Mvinyo wa chakula si gongo

Mhariri,

Huku Mtwara na Lindi chupa ya mvinyo ikionekana mezani mchana, majirani huuliza: kuna harusi, au mwenye nyumba kaanza ulevi? Wengi hawanywi kwa sababu ya dini, na hilo halina mjadala. Kwa wanaokunywa, kasoro ni namna ya kunywa: tumbo tupu, bilauri hadi ukingoni, kama uraka, pombe ya mabibo, msimu wake ukifika.

Chupa ya mililita 750 hutoa bilauri tano za mililita 150. Moja kwa sahani ya chakula yatosha. Mvinyo mweupe mkavu, yaani usio mtamu, wa Dodoma, uliokaa kwenye friji saa mbili hivi, hupatana na changu wa kukaanga aliyekamuliwa ndimu. Mwekundu mkali ukinywewa na samaki mara nyingi huacha ladha ya chuma mdomoni. Huo upelekeni kwenye nyama ya mbuzi. Na pilipili ipunguzwe, kwani kileo huizidishia ukali.

Wenye maduka nao! Chupa zinapangwa dirishani, jua linazichoma wiki nzima. Kwa joto la pwani mvinyo hupikika humo humo, kizibo kikasukumwa juu, na ladha ikawa ya matunda yaliyochemshwa. Wekeni gizani, na yenye kizibo cha gome ilazwe kisikauke. Ukishafunguliwa, hewa huuchachua: uzibwe, urudi kwenye friji, uishe ndani ya siku tatu. Ukichelewa, utumie kupikia.

Wasomaji wako,
Lindi