Wanawake wa London wasisahauliwe

Ndugu Mhariri,

Kila inaposimuliwa habari ya Wayahudi wa Muungano wa Kisovieti kuruhusiwa kuhama, sifa huwaendea Reagan, rais wa Marekani, na Gorbachev, kiongozi wa Kisovieti. Naona simulizi hiyo inawadhulumu akina mama na wanafunzi walioianza kazi hiyo wakati wakubwa wengi wangali kimya.

Aliyetaka kuhamia Israel alihitaji barua ya mwaliko kutoka kwa jamaa aliye huko, na barua nyingine ya kueleza mwenendo wake kutoka kazini. Hii ya pili ndiyo iliyokuwa mtego, kwa kuwa mkuu wake wa kazi alijua papo hapo kwamba mtu huyu anataka kuondoka. Wengi walifukuzwa kazi, maombi yao yakakataliwa, kisha, kwa kuwa sasa hawana kazi, wakakabiliwa na shtaka la kuwa kupe wanaoinyonya jamii. Mwaka 1972 serikali iliwatoza wasomi kodi kubwa kwa ajili ya shahada zao kabla ya kuwapa kibali cha kutoka.

Tarehe 1 Mei 1964 wanafunzi wapatao 1,000 waliandamana New York, mbele ya ofisi ya ujumbe wa Kisovieti katika Umoja wa Mataifa. Lakini wanaonigusa zaidi ni wanawake wa London. Mwaka 1971 Raiza Palatnik, mkutubi wa Odessa, mji wa Kisovieti wakati huo, mwenye umri wa miaka 35, alikuwa kizuizini kwa sababu ya maandishi yaliyopigwa marufuku. Wanawake wengi wa rika lake, ambao hawakuwa wanasiasa, walivaa nguo nyeusi wakaenda kusimama mbele ya ubalozi wa Kisovieti, na kundi lao likaitwa kwa umri wake: 35. Hawakuishia siku hiyo. Waliwaandikia wafungwa, wakawapigia simu waliokataliwa vibali, wakawabana wabunge. Hata barua iliyozuiliwa na makachero haikupotea bure, maana aliyeifungua alitambua kwamba jina la mfungwa yule linajulikana nje.

Tarehe 6 Desemba 1987, siku moja kabla Gorbachev hajawasili Washington, watu wapatao 250,000 walikusanyika humo kudai haki hiyohiyo ya Wayahudi kuhama. Umati ule haukuzuka siku moja. Ulijengwa kwa zaidi ya miaka 20.

Naomba gazeti lako, litakaporudia historia hii, lianze na wale waliovaa nyeusi, ndipo liwataje marais.

Msomaji wako,
Tanga