Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wafugaji wa Samaki Wala Nyama, Dodoma

Ndugu wanachama, habari zenu na poleni na vumbi. Mambo ya ada na hesabu mweka hazina atayasoma mwenyewe, mi nawashukuru mliomaliza kulipa na ambao bado tunawasubiri. Muda wangu nauweka kwa samaki maana mwaka huu wametufia wengi na kiukweli wengi hawakuumwa, wameuliwa na haraka zetu.

Mwenzetu mmoja wa Area C alinipigia saa nne usiku, oska wake (samaki wa Amazon wanaokula nyama) wanahema juu juu midomo imetoka majini, nikapanda boda fasta. Tenki la lita 200 kajaza Jumamosi, Jumapili kaingiza oska wanne, aliyemuuzia kamwambia hawakui hao. Tukapima maji, matone ya kupimia yakawa kijani kiza, yaani amonia, ile sumu inayotoka kwenye uchafu wa samaki, imejaa. Tukatoa nusu ya maji tukaweka yaliyolala kwenye ndoo ila kufika asubuhi wawili washakufa na yule kijana alishindwa hata kuwatoa, nikawatoa mimi. Narudia tena jamani, tenki jipya halina bado bakteria wa kugeuza amonia kuwa naitraiti (nayo ni sumu) halafu naitreti isiyodhuru sana, wanataka kama wiki 4 mpaka 6 kujijenga kwenye filta, na samaki anayekula nyama anachafua maji balaa. Oska mwenyewe anafika sentimita 30! Na yule kambare wa Amazon mwenye mkia mwekundu anapita mita 1, naomba tukubaliane leo hakuna wa kumweka sebuleni.

Halafu maji yetu haya ya visima vya Mzakwe, yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, tunayalalamikia ila samaki wa Nyasa na Tanganyika ndo maji wanayoyataka, magumu yenye madini. Mi nina livingstoni wa Nyasa, ana madoa ya kahawia kama mzoga ulioanza kuharibika, analala ubavu mchangani hatikisiki, siku ya kwanza mwanangu alilia akijua kafa. Kidagaa kikasogea kumdonoa, akajigeuza mara moja tu, kikapotea. Nilikaa chini mbele ya kioo mpaka chai ikapoa. Huyu ni wa nchi yetu na anaishia kama sentimita 25, sasa kwanini tunakimbilia wa mbali? Ila maji magumu huwa na pH (kipimo cha uasidi) ya juu, yaani hayana uasidi, na hapo amonia inakuwa sumu zaidi, kwa hiyo kupima ni lazima, na umeme ukikatika uwe na pampu ya hewa ya betri.

Kuna aliyeuliza kama samaki akimshinda akamwachie bwawa la Hombolo. Hapana, hapana kabisa. Sangara aliwekwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, akala furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, mpaka aina nyingi zikapotea, na watu walioweka walidhani wanafanya jema. Aliyeshindwa aniletee mimi, nina karo la saruji uani, hata usiku gonga tu.

Mwaka unaokuja tununue matone ya kupimia ya pamoja yawe yanazunguka, na anayetaka samaki mpya anitumie kwanza picha ya tenki na majibu ya vipimo vya wiki mbili za mwisho.