Usinunue amplifaya kwanza, Rashidi

Tabata, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Ndugu yangu Rashidi,

Shikamoo yangu imfikie mama mkubwa huko Dodoma, na salamu nyingi kwa shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo. Mama mguu umepungua kuuma, jana kaenda dukani mwenyewe na kurudi.

Ujumbe wako kuhusu IST nimeupata na nimefurahi mno. Hilo gari umelisubiri na umelipata kwa jasho lako. Umeniuliza ununue amplifaya ya wati ngapi, kwa sababu ukishapita Gairo na kukanyaga 80 unafungua redio mpaka mwisho na bado muziki unausikia kama unapigwa kwa jirani. Ningeweza kukujibu kwa simu, dakika moja tukamaliza. Nimeona nikuandikie, maana jibu langu ni kwamba usinunue amplifaya kwanza, na sababu zake ningependa uzisome umekaa, halafu uzisome tena ukiwa umesimama mbele ya gari.

Tupige hesabu. Ili sikio likubali kwamba muziki umekuwa mkubwa mara mbili, sauti inatakiwa ipande kama desibeli 10, na desibeli 10 zinakula nguvu mara kumi. Redio ya gari, hata ikiwa imeandikwa 50x4 usoni, yaani wati 50 kwa spika nne, nguvu inayoweza kuitoa mfululizo ni kama wati 15 hadi 20 kwa kila spika. Kwa hiyo kupanda ngazi hiyo moja unatafuta karibu wati 200 kwa kila spika, na spika za kuzibeba, na waya mnene, na betri isiyochoka. Gharama yote hiyo, na kelele ya barabara haijapungua hata kidogo. Masikio yako ndiyo yanabebeshwa vyote viwili. Wanaopima usalama wa kazini huweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka 3 muda unakatwa nusu: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili. Sasa safari ya Dodoma hadi Dar ni saa ngapi? Baba mdogo ulikaa naye baada ya miaka yake ya kiwanda cha nguo, unakumbuka alivyokuwa anatuomba turudie kila neno. Nakuomba sana, ndugu yangu, usifike huko kwa ajili ya muziki.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka juzi gari langu lilikuwa na mngurumo wa chini chini, huuuu, unaanza kwenye 50 na kukua kadiri ninavyoongeza mwendo. Nikajiambia ndivyo magari madogo yalivyo, bati jepesi, hakuna la kufanya. Nikanunua sabufa ya inchi 10 nikaifunga kwenye buti. Mngurumo ukabaki palepale, nikawa nausikia kati ya mdundo na mdundo. Siku moja natoka Kibaha, nakata kona ndefu ya kushoto, mngurumo ukapanda. Barabara ilipogeukia kulia, ukanywea. Nikampelekea fundi wangu hapa Tabata. Akalipiga jeki, akaweka kiganja kwenye springi ya shokabu ya mbele kulia, kijana wake akazungusha tairi kwa mkono. Halafu akanishika mkono na mimi akauweka palepale. Springi ilikuwa inatetemeka kama simu iliyozimwa mlio. Tukahamia kushoto, springi imetulia kimya. Beringi ilikuwa imekufa. Ilibadilishwa mchana uleule, na kelele niliyokaa nayo zaidi ya mwaka nikiilaumu lami ikaondoka nayo.

Kwa hiyo ukipata kipande cha barabara kilicho wazi, bila gari mbele wala nyuma, yumbisha usukani taratibu kushoto na kulia usikilize. Mlio ukibadilika kwa kuyumba huko, nenda kwa fundi. Hakuna spika itakayokutibia ugonjwa huo, na beringi ikiachwa inaweza kukutupa barabarani.

Kisha piga magoti usome matairi. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Magari yetu mengi yanashuka bandarini na matairi ambayo kashata, ile mikato inayogusa barabara, bado zinapendeza lakini mpira umezeeka, umekuwa mgumu, na mpira mgumu unaipiga barabara kwa kelele. Pitisha pia kiganja juu ya kashata, mbele na nyuma. Kama kwenda ni laini na kurudi kunakwaruza kama meno ya msumeno, alaimenti imekaa vibaya na tairi hilo litaendelea kulia hata ulipeleke wapi. Mwendo nao una mchango mkubwa: ukitoka 40 ukaenda 80, kelele ya matairi hupanda desibeli 9 hadi 12. Na barabara hazilingani. Ile lami ya kumwagiwa kokoto na kushindiliwa inanguruma kuliko lami iliyochanganywa kabisa na kutandazwa ikiwa moto, ndiyo maana safari moja redio inatosha, kilomita kumi mbele haitoshi, na wewe hujagusa kitu.

Raba za milango ni kazi ya jioni moja. Kata ukanda wa karatasi, upana wa vidole viwili, ubanishe mlangoni, funga, halafu uvute. Ukigoma kidogo ndiyo vizuri. Ukichomoka kama umewekwa kwenye kitabu, pale upepo unapita na kelele inapita. Zunguka mlango mzima hivyo. Usiku mwambie Idi akae ndani na tochi ya simu aizungushe kwenye pindo za mlango, wewe ukiwa nje gizani. Penye mwanga, weka alama kwa chaki.

Ukimaliza hayo ndipo tuzungumze bati. Gonga mlango wa gari lako kwa kifundo cha kidole, katikati. Utasikia kong, kama debe tupu. Huyo mlango ni ngoma, Rashidi, na tunachukua spika tunaifunga juu ya ngoma halafu tunalalamika besi haieleweki. Bati linatetemeka na barabara, linatetemeka na spika, na kila mtetemo ni sauti ambayo mwimbaji hakuiimba.

Dawa yake ni karatasi za butili, mpira laini unaonata, zenye foili ya aluminiamu juu, zile mafundi wanaziita saundi prufu. Nisikilize hapa, maana hapa niliumia. Mara ya kwanza nilitaka kuokoa pesa, nikanunua utepe wa kuzibia mabati ya nyumba, mweusi, una foili, ukiutazama huwezi kuutofautisha. Aliyeniuzia aliniapia ni kitu kilekile. Ule ni wa bitumini. Joto la Januari, gari limeegeshwa juani kutwa nzima, nafungua mlango jioni nakutana na harufu ya lami mbichi. Wiki ya tatu nikasikia kitu kinakwaruza ndani ya mlango kila nikishusha kioo. Tulipobandua paneli tulikuta vipande vimeteleza mpaka chini, vimeshikana na reli ya kioo, vimeacha michirizi myeusi kwenye bati zima. Siku mbili nilisugua na mafuta ya taa. Mke wangu mpaka leo akikalia kiti cha mbele anapitisha mkono kwanza. Butili haina harufu hiyo, na ukiikunja kwa vidole inavutika kama ubani uliotafunwa. Uliza hivyo, na uikunje mwenyewe kabla hujalipa.

Kubandika kwenyewe, kinachohitajika ni bati safi kuliko unavyodhani. Futa vumbi, futa kwa spiriti, subiri likauke, bandika, halafu ukandamize kwa kigurudumu cha mkono mpaka vijivimbe vya foili vilale vyote. Huku kwetu jua linailainisha yenyewe, weka karatasi nje nusu saa kabla. Huna haja ya kufunika bati lote. Robo mpaka nusu ya eneo, pale katikati panapolia, inatosha, kinachozidi hapo ni uzito, kwa sababu ile ya milimita 2 ina kama kilo 3 kwa mita moja ya mraba. Matundu madogo chini kabisa ya mlango usiyazibe hata kwa bahati mbaya. Maji ya mvua yanayopita pembeni ya kioo yanatokea hapo, ukiyaziba mlango unaoza ndani ukiwa unauona mzima nje. Yale matundu makubwa ya upande wa ndani, yaliyofunikwa nailoni, hayo yazibe vizuri. Spika inatoa sauti mbele na nyuma, na ya nyuma ikipenya kurudi inaiua besi ya mbele. Siku nilipoyaziba, kwa spika zilezile na redio ileile, nilidhani fundi kaniongezea kitu.

Nyuma, toa kapeti la buti na tairi la akiba. Kwenye gari lililofunguka mpaka nyuma kama la kwako, matao ya matairi ya nyuma yako chumba kimoja na wewe, hakuna kinachotenganisha. Bandika hapo butili, juu yake tandika sponji. Nakusihi isiwe ya godoro. Godoro linakunywa maji na kuyalaza juu ya bati, ukija kufunua baada ya masika utakuta kutu. Tafuta ile ngumu, ya jamii ya kandambili. Itumbukize kwenye ndoo, ikamue chini ya maji: isiponyonya, ndiyo yenyewe. Kuna na mikeka mizito ya vinili ya kuzuia sauti sakafuni, kama kilo 5 kwa mita ya mraba, na inafanya kazi kweli ikiwa imetandazwa bila pengo. Kwa IST sikushauri. Milango ya mbele na matao ya nyuma, ishia hapo, uendeshe mwezi mmoja.

Mimi nilipima kelele kwa simu, barabara moja, mwendo wa 80, vioo juu. Kabla ilisoma desibeli 73, baada ya yote ikasoma 70. Simu si kipimo cha maabara, ila nililinganisha simu na yenyewe. Ukiziona hizo tatu kwenye karatasi unaweza kusema nimetupa hela. Lakini mngurumo wa barabara umekaa hasa chini, kulekule linakokaa gitaa la besi, na sauti nzito ina tabia ya kuzifunika zilizo juu yake. Ukiupunguza hapo, yanafunuka mambo ambayo hukujua yapo.

Unajua marehemu mzee alivyokuwa na Sikinde. Zile kaseti zake za bendi hiyo ya Mlimani Park, nyimbo walizorekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, nimezihamishia kwenye flashi. Jumamosi iliyopita nilikuwa natoka Morogoro peke yangu, saa kumi na moja jioni, nimepita Chalinze, sauti ya redio imefika nusu tu. Wimbo ambao nimeusikia tangu niko darasa la pili. Gitaa la solo nalijua, tarumbeta nazijua, ningeweza kuziimba usingizini. Safari hii nikasikia gitaa jingine chini yake, linajibu. Solo linauliza, lile linajibu kwa noti tatu au nne, linanyamaza, linajibu tena. Miaka yote lilikuwepo. Niliegesha pembeni penye nafasi, nikaurudisha wimbo mwanzo. Nilielewa kwa nini mzee alikuwa akisikiliza anainua kidole kimoja hewani na kututaka tunyamaze. Alikuwa anamsubiri yule wa pili.

Hicho ndicho ninachotaka ukipate kwenye barabara ya Gairo, na hakiuzwi ndani ya boksi lililoandikwa wati 1200.

Ukifika wakati wa amplifaya, nami naamini utafika, tutaifunga pamoja. Fyuzi isizidi sentimita 45 kutoka kwenye betri, waya wa eathi uwe mfupi na ushike bati lililokwanguliwa rangi. Ukisikia mluzi unaopanda na kushuka na mafuta unayokanyaga, mara nyingi ni eathi, usikubali kuuziwa amplifaya nyingine. Kwa sasa piga muziki kwa flashi, maana redio yako ya Kijapani inaishia FM 90 na hicho kibadilisha masafa walichokufungia kinaweza kuwa kinaongeza mvumo wake mwenyewe.

Nimebakiwa na karatasi sita za butili na kile kigurudumu. Zinatosha milango miwili ya mbele. Alhamisi nazipakia kwenye basi la alfajiri, nitakupigia nikupe namba ya gari. Kabla ya hapo nitumie picha ya zile tarakimu nne, matairi yote manne na la akiba, na uniambie ukiyumba kushoto gari linasemaje.

Ni mimi nduguyo,
Salumu